Maswali ya Jikoni: Nyama Ngumu, Mbatata Zisizoiva na Tui Lililokatika

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya chakula kimoja: mchuzi wa nyama na mboga, ule wa moto wa chini, unaoliwa kwa wali, chapati au mkate wa mofa. Tumeanza na swali ambalo jibu lake ndilo msingi wa mengine, kwa hiyo hilo tumelijibu kwa urefu.

Assalaam alaykum. Nimeolewa karibuni na nyumbani kwetu mchuzi wa nyama hupikwa karibu kila wiki. Nikiupika mimi, nyama haitafuniki na mboga zimeshavurugika zote. Nikizidisha moto ndio huharibika zaidi. Nakosea wapi?
*Bi harusi, Kisauni*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Inavyoonekana unatia kila kitu sufuriani kwa wakati mmoja. Nyama ya mchuzi inataka kama saa 2, mbatata dakika 25, mabenda hayafiki hata dakika 10. Vikiingia pamoja, lazima kimoja kidhulumiwe. Kisha kuna huo moto. Ndani ya nyama mna nyuzi, na nyuzi hizo zimeshikwa na utando mweupe. Utando huo hulainika na kuyeyuka kuanzia nyuzi joto 70 hivi, ila kwa taratibu sana. Mchuzi ukichemka kwa fujo, nyuzi hujikaza na kukamua maji yake yote kabla utando haujawahi kulainika. Ndiyo maana kila ukiongeza moto hali inazidi kuwa mbaya.

Anzia buchani. Omba kidari, shingo au muundi, pamoja na mfupa wake. Usikubali kupewa steki kwa mchuzi huu, hata kama muuzaji anakwambia ndiyo nyama nzuri: haina ule utando, na baada ya saa moja ya moto hubaki kavu, nyuzinyuzi. Kilo 1 yenye mifupa inatosha watu 5 au 6. Ikatwe vipande vya sentimita 4 hivi. Vidogo zaidi ya hapo humong'onyoka kabla mchuzi haujakolea. Ukishaiosha, ichuje na uipanguse maji kwa kitambaa safi, maana nyama yenye maji haikaangiki, hutokota tu.

Bandika sufuria nzito yenye vijiko 3 vya mezani vya mafuta. Yakipata moto, kaanga nyama kwa mafungu mawili mpaka igeuke rangi pande zote, kama dakika 8 kila fungu. Ukiitia yote mara moja sufuria hupoa, nyama hutoa maji, na ile ladha ya kukaangwa hutaipata. Itoe uiweke kando pamoja na chumvi kijiko 1 cha chai.

Katika mafuta yayo hayo tia vitunguu maji 3 vilivyokatwa vyembamba. Hapa usifanye haraka. Dakika 12 mpaka 15, moto wa wastani, mpaka viwe hudhurungi. Rangi na uzito wa mchuzi huanzia hapa, na michuzi mingi iliyopauka ni ya vitunguu vilivyokatizwa njiani. Tia thomu iliyopondwa, punje 6, na tangawizi ya kuponda kijiko 1 cha mezani. Koroga kwa dakika 1 tu, kwa kuwa thomu ikiungua uchungu wake hautoki tena. Fuatisha bizari nzima iliyosagwa kijiko 1 cha chai, gilgilani kijiko 1, manjano nusu kijiko, pilipili manga nusu kijiko, kijiti kimoja cha mdalasini na hiliki 4 zilizopasuliwa. Ukiona bizari inashika chini, nyunyizia maji vijiko 2. Kisha nyanya 4 mbivu zilizokatwakatwa. Zikaange dakika 10 mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mafuta yasipojitenga, nyanya bado mbichi na mchuzi utakuwa na ukakasi.

Rudisha nyama na maji yake iliyoyatoa, mimina maji ya moto lita 1 na robo, na uache uchemke mara moja. Engua povu. Sasa punguza moto mpaka uone vipovu viwili vitatu tu vikipanda upande mmoja wa sufuria. Funika, uache upenyo mdogo. Maji ya kuongezea yawe ya moto sikuzote. Maji baridi hukatiza mapishi na kukurudisha nyuma dakika kadhaa.

Baada ya saa 1 na dakika 30, anza kujaribu nyama kwa uma. Ukiingia kwa taabu, ongeza dakika 20 ujaribu tena. Mboga zisiingie mpaka uma upite huku kipande kikiwa bado hakijavunjika. Hapo tia karoti 2 za vipande vinene. Dakika 5 baadaye, mbatata nusu kilo, kila moja ikatwe mara mbili au nne kwa ukubwa wake. Dakika 12 nyingine, bilinganya 1. Mbatata zikishakubali kisu, ndipo mabenda na tui, na mwisho kabisa ukwaju au ndimu. Onja chumvi sasa, si mapema, kwa sababu mchuzi umepungua maji na chumvi ya mwanzo imejikusanya. Kotmiri itie ukishaepua.

Jambo moja kuhusu mbatata. Aina ya Shangi, ambayo ndiyo imejaa sokoni, huiva upesi na kuvunjika upesi. Ikate vipande vikubwa kuliko unavyodhani inafaa, na usiikoroge kwa mwiko. Shika sufuria kwa vishikio uizungushe.

Mbatata zangu hazikubali kuiva. Nimezipika dakika 50 na katikati bado zinagonga. Ukwaju ninautia pamoja na nyanya ili ukolee vizuri. Muuzaji ananiuzia mbatata mbovu?
*Msomaji wa Majengo*

Muuzaji hana kosa, dada. Ni ukwaju. Kinachozishika pamoja seli za mboga hulainika katika maji ya kawaida, lakini ndani ya maji makali hukaza na kukataa kulegea. Nyanya nazo zina ukali, ila ni mdogo. Ukwaju, ndimu, siki na embe mbichi ni habari nyingine. Vikitangulia, mbatata, karoti na hata maharagwe vitasimama hapo hapo saa nzima.

Roweka ukwaju mkubwa kiasi cha yai katika nusu kikombe cha maji ya moto, uukamue, uuchuje, uuweke kando. Mbatata zikishaiva kabisa, mimina robo kikombe, acha dakika 5, onja, kisha uamue kama unaongeza. Usiogope kwamba hautakolea. Ladha kali hukolea papo hapo; nyama na bizari ndivyo vinavyotaka muda.

Na kama mchuzi umeshaharibika namna hiyo leo, zitoe mbatata, zichemshe peke yake katika maji ya chumvi mpaka ziive, uzirudishe.

Shikamooni. Tui langu hukatika kila mara. Juu mafuta, chini vidonge vyeupe. Mamangu mzazi alikuwa akitumia nazi hizi hizi wala halikatiki. Nifanyeje?
*Mama wa Likoni*

Marahaba. Tui ni mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, yakishikiliwa na protini kidogo ya nazi. Moto mkali huivunja protini hiyo, na ukali wa ukwaju au ndimu huivunja upesi zaidi. Vikikutana vyote viwili, tui limekwisha.

Nazi 1 iliyokomaa, iliyokunwa kwa mbuzi, hutoa tui zito kikombe 1 ukiikamua kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu. Liweke kando. Machicha hayo yakamue tena kwa maji vikombe 2 upate tui jepesi. Tui jepesi ni gumu kuharibika, kwa hiyo laweza kutumika mahali pa maji katika nusu saa ya mwisho, wakati mbatata zinaiva. Tui zito ndilo la kubembeleza. Punguza moto, toa mfuniko, chota upawa mmoja wa mchuzi uuchanganye na tui bakulini ili lipate joto, ndipo ulimimine lote polepole. Endelea kulivuga, yaani chota kwa upawa na kumwaga tena ndani ya sufuria kutoka juu kidogo, mpaka lianze kufuka na kutetema pembeni. Dakika 5 mpaka 7 zinatosha. Usifunike, usiliache ukaenda kufua nguo.

Ukwaju uingie baada ya tui kushika joto, tena ukiwa umezimuliwa kwa mchuzi kidogo. Kama familia yenu hupenda mchuzi mkali sana, shauri letu ni kuacha ukwaju nje ya sufuria na kukata ndimu mezani.

Likishakatika, epua mara moja. Koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa muhogo katika vijiko 3 vya tui zito lililobaki, tia, vuga nje ya moto. Mara nyingi hurudi, ingawa si laini kama la mwanzo. Tui la pakiti huvumilia zaidi kwa kuwa mengi yana vitu vya kulishikilia, lakini kwa ladha, nazi ya kukuna bado inashinda kwa mbali.

Kwa nini nyama ya Idd-ul-Hajj huwa ngumu hata nikiipika saa tatu? Huchinjwa asubuhi nyumbani na tunaipika adhuhuri ikiwa mbichi kabisa. Ningedhani ndiyo ingekuwa laini kuliko zote.
*Msomaji wa Kibokoni*

Wengi hudhani hivyo, ndugu yetu, na ni dhana inayoeleweka. Lakini mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa baada ya saa chache, na ukakamavu huo huendelea mpaka vimeng'enya vya ndani ya nyama yenyewe vianze kuulegeza. Ukiipika katikati ya kipindi hicho, umeipika ikiwa imefunga. Nyama ya bucha mara nyingi imeshatundikwa usiku kucha, na hiyo ni nafuu kubwa.

Mbuzi au kondoo mpeni saa 24 ndani ya friji. Ng'ombe siku 2 mpaka 3. Friji iwe baridi ya kweli, nyuzi joto 4 au chini, na nyama itandazwe kwenye sinia badala ya kurundikwa mfukoni ikiwa bado na joto la mwili, kwani katikati ya rundo hupoa kwa kuchelewa na huanza kuharibika.

Kosa kubwa zaidi, na hulitenda watu wengi siku ile kwa sababu nyama ni nyingi, ni kuitia kwenye barafu ingali na moto wa kuchinjwa. Ikigandishwa kabla ya kukakamaa, hujikunja vibaya siku ya kuyeyushwa na kutoa maji mengi, na hapo hata saa nne za moto haziisaidii sana. Iache friji siku nzima kwanza, ndipo uigandishe.

Kwa chakula cha adhuhuri ile ile, pikeni maini, figo na moyo. Maini yaliyokatwa membamba huiva kwa dakika chache na ni matamu yakipikwa siku ile ile ya kuchinja. Mchuzi wa nyama uwe wa kesho yake.

Papai bichi na magadi: kipi bora kwa kulainisha nyama?
*Msomaji wa Changamwe*

Papai, bila shaka. Magadi hulainisha kweli, lakini huacha ladha ya sabuni, huvuruga mboga na huharibu vitamini B1. Hatuyashauri kabisa katika mchuzi.

Papai bichi lenye utomvu mweupe lina kimeng'enya kinachokata protini. Kuna vipimo vyake: kijiko 1 cha mezani cha papai lililokunwa na maganda yake kwa kilo 1 ya nyama, dakika 30, isizidi saa 1. Likizidi, nje ya nyama huwa tepetepe huku ndani pako vile vile, sababu papai halipenyi mbali. Kimeng'enya hufa mchuzi ukichemka, kwa hiyo kulitia papai ndani ya mchuzi unaotokota hakuna faida. Na kwa kidari kilichopikwa kwa moto wa chini, hulihitaji.

Nina kazi ya ofisi na saa mbili za jiko sina. Naweza kutumia sufuria ya presha bila kuharibu ladha?
*Msomaji wa Nyali*

Waweza, mradi presha ipike nyama peke yake. Ndani yake joto hupanda mpaka kama nyuzi 115 hadi 120, na kidari kinachotaka saa 2 huiva kwa dakika 30.

Kaanga nyama, vitunguu, bizari na nyanya kama tulivyoeleza, katika sufuria hiyo hiyo, mfuniko wazi. Kabla ya kufunga, kwaruza vizuri yaliyoshika chini, maana ndiyo huungua na presha ikakataa kupanda. Maji yawe vikombe 2 tu. Mvuke hautoki, kwa hiyo lita nzima itakupa supu badala ya mchuzi. Hesabu dakika 30 tangu ianze kupiga mluzi, kisha zima na uiache ishuke yenyewe dakika 15. Ukiitoa mvuke kwa ghafla, mchuzi wa ndani huchemka kwa nguvu na nyama hukauka. Usiulazimishe mfuniko kwa hali yoyote. Pini isiposhuka bado kuna hatari.

Mboga, tui na ukwaju vipikwe baada ya kufungua, kwa moto wa kawaida. Usiku wa kuamkia siku ya kazi waweza kumaliza sehemu ya nyama yote ukaiweka friji.

Jiko langu ni la makaa. Chini panaungua na juu nyama haijaiva. Tena mvua ikinyesha nalazimika kulipikia chumbani.
*Msomaji wa Mishomoroni*

Tuanze na hilo la chumbani, mama. Makaa yanayowaka polepole hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua. Mchuzi wa saa 2 katika chumba kilichofungwa ni hatari kwako na kwa watoto. Livute jiko barazani chini ya paa, au mlangoni penye upepo wa kupita, na usilale nalo ndani hata likionekana limezimika.

Kuhusu kuungua: washa makaa mengi kwa kukaangia, kisha nyama ikishachemka ondoa kama nusu kwa koleo, yaliyobaki yafukie kwa jivu jepesi na ufunge mlango wa chini wa jiko ubakishe ufa wa kidole. Kila baada ya dakika 40 ongeza makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika moto pembeni. Makaa meusi hupoza jiko. Sufuria nyembamba ya alumini iwekee bati nene chini yake. Chungu cha udongo hakihitaji bati, ila kipashwe moto polepole na kisiguswe na maji baridi kikiwa na moto.

Pakishaungua usikwaruze. Hamishia mchuzi wa juu sufuria nyingine, ulioshika uache huko huko.

Mabenda yanavutika mchuzi mzima. Watoto wanakataa.
*Mama wa Mikindani*

Yaoshe yakiwa mazima, yaanike yakauke kabisa, ndipo ukate. Maji yakigusa mahali palipokatwa, utelezi hutoka. Yakaange peke yake kwa mafuta vijiko 2, moto wa juu, dakika 5 au 6 bila kufunika. Yatie mchuzini dakika 8 kabla ya kuepua. Ukwaju wa mwisho humaliza utelezi uliobaki. Chagua madogo yasiyozidi kidole. Ncha ikivunjika kwa kulia bado ni machanga, ikipinda tu yameshakomaa.

Chumvi ikizidi, ni kweli kiazi huinyonya?
*Msomaji wa Tudor*

Kiazi hunyonya maji yenye chumvi kama kinavyonyonya maji mengine, kwa hiyo mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Dawa ni kuzimua: chota kikombe 1 cha mchuzi ukiweke kando, ongeza maji ya moto au tui lisilo na chumvi, na mboga zaidi. Ulichochota kitafaa kesho kwa kupikia dengu.

Binti yangu amehamia Nairobi. Anafuata vipimo vyangu vile vile na mbatata zake huchelewa kuiva. Ananiambia nimemficha kitu.
*Mama wa Mji wa Kale*

Hujamficha kitu, Bi mkubwa. Mombasa tuko usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na huko maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hata akiweka moto wa kuunguza, maji hayapandi zaidi ya hapo, yatakauka tu. Mwambie aongeze robo ya muda kwa mbatata na karoti, na nusu saa kwa nyama, huku akifunika vizuri. Maharagwe na mbaazi vitamsumbua zaidi, na kwa hivyo presha itamfaa. Kukaanga vitunguu na bizari hakubadiliki.

Mchuzi uliolala ni mtamu zaidi, lakini wangu huchacha kabla ya asubuhi. Nataka pia kumfungia mume wangu chakula cha kazini.
*Msomaji wa Bamburi*

Kwa joto letu, mchuzi wa nazi hauwezi kulala juu ya jiko. Ukiacha sufuria nzito ipoe yenyewe, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu hukua humo bila kubadili harufu. Ukishamaliza kula, uhamishie vyombo vipana, kina cha sentimita 5, vikae ndani ya beseni la maji baridi kwa dakika 20, kisha friji. Usipite saa 2 tangu kuepua, na siku za joto kali saa 1. Utadumu siku 2, si zaidi.

Ukijua kabla kwamba utalala, chota sehemu ya kesho kabla ya kutia tui na mabenda, uvitie wakati wa kupasha. Kupasha ni mpaka uchemke kweli, na mara moja tu, pasha unachokula. Mchuzi wenye tui tayari ushikwe na moto mdogo huku ukivuga.

Kwa chakula cha kazini, jaza hotipoti maji yanayochemka dakika 10, yamwage, ndipo utie mchuzi uliochemka muda huo huo, ujae mpaka juu. Hotipoti nzuri hushika joto la usalama, nyuzi 60 na zaidi, kwa saa 4 hivi. Ikiwa mumeo hula saa nane mchana naye huondoka alfajiri, afadhali aubebe ukiwa baridi kutoka friji, na barafu ubavuni, aupashe huko.